Gesi ya Mnazi Bay na Msukumo Uliofungwa Chomboni

Katika nchi yetu ya kusini yako mabomba mawili ya chuma ambayo watu hupita juu yake kila siku bila kuyaona, kwa kuwa yamezikwa katika udongo. La kwanza latoka Msimbati hata mji wa Mtwara, nalo ni jembamba. La pili latoka Madimba hata Dar es Salaam, nalo ni pana, hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kwenda ndani yake akiinama. Watu wa Rahaleo na mitaa mingine ya mji wetu, na hasa wazee wa vijiji, wametuuliza mara nyingi sisi walimu: Gesi hiyo husukumwa na nani hata ifike mbali hivyo? Maji ya kisima hayapandi ila yavutwe kwa kamba au kwa pampu. Makaa ya mawe hayaendi ila yachukuliwe. Je, gesi ina miguu?

Jibu ni kwamba, kwa sehemu kubwa, gesi hujisukuma yenyewe. Na katika neno hilo moja, kwa maoni yetu, imo historia yote ya gesi ya Mtwara, furaha yake na uchungu wake. Lakini halifahamiki mpaka mtu ajue kwanza jinsi msukumo unavyoenea katika chombo kilichofungwa, na jinsi wanadamu walivyokuja kuujua.

Tuanze nyumbani. Wakati wa mabibo, wale watengenezao uraka (wala hatuwasifu kwa kazi hiyo) wajua kwamba dumu lililojazwa na kufungwa sana usiku, asubuhi hukutwa limevimba. Wala halivimbi juu tu, mahali hewa ilipokusanyika. Huvimba ubavu huu na ubavu huu, na kitako chake hutoka nje hata dumu haliwezi kusimama sawasawa. Likiwa na ufa popote, hapo ndipo litakapopasuka, ijapokuwa ufa u mbali na kifuniko. Na Bwana wetu aliposema habari za divai mpya na viriba vikuukuu, alisema na watu waliokwisha kuona jambo hilo kwa macho yao. Hakuna aliyeuliza kwa nini kiriba hupasuka.

Hao wote waliyajua matokeo, lakini kipimo hawakukijua. Kipimo kilitafutwa Ulaya katika karne ya 17. Mtaliana mmoja, Evangelista Torricelli, alijaza zebaki katika mrija wa kioo uliozibwa upande mmoja, akaupindua mdomo wake katika bakuli lenye zebaki. Zebaki ikashuka kidogo, kisha ikasimama kwa urefu wa sentimita 76 hivi, isishuke tena. Ni nini kilichoishika? Mwaka 1644 Torricelli alimwandikia rafiki yake kwamba sisi wanadamu twaishi chini ya bahari ya hewa, nayo hewa ina uzito, na uzito huo ndio unaoikandamiza zebaki ya bakulini na kuizuia ile ya mrijani isianguke. Sisi watu wa pwani twaweza kulipokea neno hilo upesi kuliko wengine, maana kila mpiga mbizi ajua jinsi masikio yaumavyo azidipo kushuka.

Habari hizo zilimfikia kijana wa Kifaransa, jina lake Blaise Pascal, aliyezaliwa Clermont mwaka 1623. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali katika kazi ya kodi, na mtoto, angali kijana, alimtengenezea mashine ya kujumlisha hesabu. Mwili wake ulikuwa dhaifu siku zote. Kwa hiyo alipotaka kujua kama hewa ya juu ya mlima ni nyepesi kuliko ya bondeni, hakupanda mwenyewe, bali alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima uitwao Puy de Dôme. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda na mirija yake pamoja na mashahidi, na juu ya mlima zebaki ilikuwa imeshuka kwa sentimita 8 hivi. Tena walikuwa wameuacha mrija mwingine chini, katika nyumba ya watawa, na mtawa mmoja akauangalia mchana kutwa, huo haukubadilika. Twapenda kuwaonyesha wanafunzi wetu jambo hili la mtawa kuliko lile la mlima. Kwa sababu asingalikuwako mtu wa kuutazama mrija wa chini, nani angaliweza kusema kwamba zebaki ilishuka kwa ajili ya mlima, wala si kwa ajili ya mabadiliko ya hewa ya siku ile?

Kisha Pascal aliendelea na maji. Mtu wa Uholanzi, Simon Stevin, alikuwa amekwisha kuandika mambo makubwa juu ya uzito wa maji mwaka 1586, lakini Pascal ndiye aliyeieleza kanuni wazi. Chukua chombo kilichojaa maji, akasema, kilichofungwa kila upande isipokuwa penye matundu mawili, moja likiwa pana mara 100 kuliko la pili. Kila tundu litiwe kizibo kinachoweza kusukumwa ndani, kinachoitwa siku hizi pistoni. Mtu mmoja akikisukuma kile kidogo atashindana sawasawa na watu 100 wanaokisukuma kile kikubwa. Maana msukumo uliotiwa mahali pamoja hauendi njia moja kama mkuki. Huenea katika maji yote, ukasukuma kila sehemu ya ukuta wa chombo, juu, chini na kando, na kila sentimita moja ya mraba hupata sawa na mwenzake. Msukumo huo uliogawanywa kwa ukubwa wa mahali ndio waalimu wa sayansi wanaouita kanieneo. Sentimita moja ikipata kilo 1, basi sentimita 100 zitapata kilo 100.

Mtu asidhani kwamba hapo nguvu yapatikana bure. Pascal mwenyewe aliliona jambo hilo: ili kizibo kikubwa kipande sentimita 1, kile kidogo lazima kisukumwe sentimita 100. Kinachopatikana katika nguvu hulipwa katika mwendo.

Kijitabu chake cha mambo haya hakikupigwa chapa akiwa hai. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654 alijiwa na Mungu kwa namna iliyomgeuza maisha. Akayaandika maneno machache, akayashona ndani ya koti lake, na mtumishi aliyakuta baada ya kifo chake. Tangu usiku ule alitumia sehemu kubwa ya akili yake kwa mambo ya imani. Alifariki mwaka 1662, naye hakufika miaka 40, na kijitabu cha maji kikatoka mwaka uliofuata.

Ilipita miaka zaidi ya 100 kabla kanuni hiyo haijafanywa mashine. Mwaka 1795 seremala mmoja wa Uingereza, Joseph Bramah, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, mashine ya kushindilia kwa maji. Kanuni ilikuwa rahisi. Shida ilikuwa uvujaji, maana maji yaliyokandamizwa hutafuta kila upenyo, na pistoni ikikazwa sana haiendi, ikilegezwa huvuja. Dawa ilipatikana katika pete ya ngozi iliyokunjwa kama mfereji, na husemwa kwamba aliyeivumbua ni fundi wa karakana yake, Henry Maudslay. Maji yenyewe huingia katika mkunjo ule na kuikaza ngozi kwenye chuma. Kadiri yanavyosukuma zaidi, ndivyo yanavyojizibia njia zaidi. Mashine za namna hiyo zilifika hata pwani yetu pamoja na mkonge. Mmea huo uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutoka hiyo mashamba yakaenea Tanga, hata Lindi na Mikindani. Katani ikikaushwa ni nyepesi na hujaza nafasi kubwa, wala meli hazipendi kubeba hewa. Kwa hiyo ilishindiliwa kuwa robota ngumu kabla ya kusafirishwa. Siku hizi kila utingo wa lori la korosho aijua kanuni ya Pascal, ijapokuwa hajasikia jina lake, kwa sababu ana jeki.

Sasa na turudi Msimbati, mahali chombo chenyewe hakikufanywa na mwanadamu.

Mto Ruvuma umekuwa ukichukua mchanga na matope na kuvimwaga baharini kwa mamilioni ya miaka. Tabaka likalala juu ya tabaka, na uzito wa yale ya juu ukayafanya ya chini kuwa mawe. Jiwe la mchanga si gumu kabisa ndani yake. Kati ya punje na punje mna nafasi ndogo, kama zilivyo nafasi kati ya punje za mtama ndani ya pishi. Jiwe la tope ni kinyume chake, halipitishi kitu. Basi gesi iliyotokea chini sana, katika mabaki ya viumbe vilivyozikwa, ilipanda polepole ikipita katika jiwe la mchanga, hata ilipokutana na jiwe la tope juu yake ikazuiwa. Hapo ikakaa. Mtu asifikiri kwamba chini ya Mnazi Bay kuna pango kubwa lililo tupu. Chombo chetu ni mchanga ulioshikamana, na kifuniko chake ni tope lililogeuka kuwa jiwe.

Na gesi hiyo imekandamizwa kiasi gani? Mahali pa namna hii kanieneo haipungui sana kuliko ile ya maji yenye kina hicho hicho. Kila mita 10 za maji huongeza kama kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Gesi ya Mnazi Bay imo chini kwa zaidi ya kilomita 1. Hesabu yake basi ni zaidi ya kilo 100 kwa sentimita moja. Msomaji autazame ukucha wa kidole chake cha shahada, kisha afikiri juu yake mifuko miwili ya saruji, na juu ya kila ukucha wa namna hiyo katika ukuta wote wa chombo mifuko miwili mingine, na zaidi.

Hapa pana jambo ambalo wengi huwashangaza. Shimo likichimbwa mpaka kwenye maji, maji yapandapo hupoteza nguvu, maana lazima yauchukue uzito wao wenyewe. Gesi ni nyepesi. Ikijaza bomba la kisima toka chini hata juu, uzito wake huondoa sehemu ndogo tu ya kanieneo, pengine moja katika kumi, na iliyobaki hufika mdomoni mwa kisima karibu kama ilivyokuwa chini. Ndiyo sababu wachimbaji huwa na hofu ya haki. Wachimbapo hulijaza shimo tope walilolitia unga wa mawe mazito, ili uzito wa tope ushindane na msukumo wa gesi. Tope likiwa jepesi mno, gesi hulitupa nje. Likiwa zito mno, hupasua mwamba na kupotea humo. Kazi yao yote ni kuilinda mizani hiyo.

Gesi ya kwanza katika nchi yetu ilipatikana Songo Songo, mkoa wa Lindi, mwaka 1974. Mwaka 1982 kampuni ya AGIP ya Italia ilichimba Mnazi Bay ikapata gesi. Lakini wakati ule hakuna aliyeiona faida ya kuitumia. Mji mkubwa wa karibu ulikuwa mdogo, na Dar es Salaam ilikuwa mbali. Kisima kikafungwa. Kwa zaidi ya miaka 20 watoto wa Msimbati walizaliwa, wakabatizwa, wakaoa, na chini yao gesi iliendelea kuisukuma ile saruji ya kisima kama ilivyokuwa imelisukuma jiwe la tope tangu kale. Mwaka 2005 kampuni ya Artumas kutoka Kanada ilikifungua kisima hicho tena, na gesi ikatoka. Visima vingine vikachimbwa, bomba la kilomita 27 likalazwa mpaka Mtwara, na kufikia mwaka 2007 taa za mji zilikuwa zikiwaka kwa umeme wa gesi yetu wenyewe. Walioishi Mtwara kabla ya hapo, katika giza na kelele za mashine za dizeli, wajua neema ile.

Kisha likaja bomba la pili. Mwezi wa Novemba 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua ujenzi wake, kwa mkopo kutoka China: bomba lenye upana wa inchi 36, na mwendo wa mamia ya kilomita hata Kinyerezi, Dar es Salaam. Mwezi uliofuata watu wa Mtwara waliandamana. Januari 2013 pakawa na ghasia, na tarehe 22 Mei, bajeti ya Wizara ya Nishati iliposomwa Bungeni na kuhakikisha kwamba bomba litajengwa, mji uliwaka. Majengo yalichomwa, askari wakaletwa, na watu wakapoteza maisha. Waandamanaji walitaka gesi itumike hapa kwanza, viwanda vijengwe hapa, na vijana wapate kazi.

Hatusifu moto wala mawe. Lakini twasema dai lenyewe halikuwa la wapumbavu. Watu wa kusini walikuwa na kumbukumbu. Baada ya mwaka 1947 serikali ya Waingereza ilileta matrekta na ahadi kubwa za karanga Nachingwea. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili hiyo, ikafunguliwa mwaka 1954, na reli ikalazwa. Karanga hazikufaulu, na katika miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Mtu aliyewahi kuona reli ikiondoka huitazama gesi kwa jicho lingine. Na tabia ya gesi iliifanya hofu hiyo kuwa kubwa zaidi. Kama ingalikuwa makaa ya mawe, yangehitaji watu wengi wa kuyapakia na kuyapakua, na kila mahali yalipopita yangeacha mshahara kidogo. Gesi haihitaji wachukuzi. Kanieneo ile ile iliyoipandisha toka chini ya Msimbati bila kuvutwa ndiyo iliyoiwezesha kuondoka Mtwara bila kubebwa. Bomba lilikamilika, na Oktoba 2015 kiwanda cha kusafishia gesi cha Madimba kilizinduliwa.

Yako mambo ya bomba hilo ambayo wanavijiji wa njiani yawapasa kuyajua. Bomba jipya la namna hii halitiwi gesi mara moja. Kwanza hujazwa maji, kisha maji hayo hukandamizwa kupita kiasi ambacho gesi itakuwa nacho, yakaachwa hivyo kwa saa nyingi. Hapo kanuni ya Pascal hufanya kazi ya msimamizi asiyelala wala kupokea rushwa: kila mahali palipounganishwa kwa moto hujaribiwa wakati mmoja, juu ya bomba, chini na kando. Na kwa nini maji, wala si hewa? Maji hayakubali kufinywa, kwa hiyo bomba likipasuka, msukumo huanguka mara moja na maji humwagika tu. Hewa iliyofinywa ingefunguka kama upinde na kurusha vyuma.

Gesi inapokwenda, kanieneo hupungua kidogo kidogo kwa kusuguana na bomba. Hivyo ya Madimba huwa kubwa kuliko ya Kinyerezi, na tofauti hiyo ndiyo inayoisukuma mbele. Kanuni ya Pascal husema juu ya kilichotulia. Vali ikifungwa mbele na nyuma, gesi ikatulia, kanieneo husawazika, na kila sentimita ya chuma hubeba sawa. Ndiyo sababu jembe au mashine ya kuchimba ikilikwaruza bomba mahali pamoja tu, katika shamba la mtu mmoja, mahali hapo huwa kama ule ufa wa dumu. Msukumo haukuutafuta, ulikuwapo kila mahali tayari. Zile nguzo za alama zilizosimamishwa juu ya njia ya bomba, ambazo wengine walizidhani ni mipaka ya kuwanyang'anya mashamba, zaonyesha mahali pasipochimbwa wala kujengwa.

Tusisahau chombo kimoja kidogo. Mwaka 1849 Mfaransa Eugène Bourdon alibuni geji ambayo ndani yake mna mrija bapa uliopindwa kama mundu. Gesi ikiingia hutaka kuunyosha, nao huuzungusha mshale. Geji za namna hiyo huwekwa vichwani mwa visima, na kwa hizo wataalamu huyajua mambo ya chini wasiyoweza kuyaona. Wakitaka kujua kama visima viwili vilivyo mbalimbali vyanywa katika chombo kimoja, au kama jiwe la tope limepita katikati na kuvitenga, hukifunga kimoja na kukifungua cha pili, kisha hukaa wakiitazama geji ya kile kilichofungwa, kama yule mtawa wa Clermont na mrija wake. Ikianza kushuka, chombo ni kimoja.